Nchi Isiyo na Kilima

Ukimwambia Mzee Bukuru unatoka mahali fulani, hatakuuliza habari za watu wa huko wala bei ya unga. Atakuuliza kama kuna mlima. Ukisema upo, anaitikia kwa kichwa polepole kama daktari aliyeridhika, kisha anaendelea kushona zipu ya begi lako. Ukisema haupo, anakutazama kwa huruma. Mimi aliniuliza hivyo siku niliyohamia nyumba hii ya Bellevue, Johannesburg, nikiwa na godoro kichwani, nikamjibu kwa hasira kwamba Uvira yetu imeegemea milima tangu dunia iumbwe, sasa anipishe mlangoni. Akanipisha, na godoro akanibebea.

Nyumba yenyewe ni ya zamani. Ilijengwa kwa ajili ya familia moja, leo imekatwakatwa kwa mbao ikawa vyumba tisa na jiko moja la kugombania. Mimi ni Jeannine, huku wananiita Mama Joël, nasuka nywele kwenye saluni ya mtaa wa Rockey. Bukuru alikaa chumba cha ubavuni mwangu na bintiye Shufaa. Kazi yake ni kutengeneza mabegi ya safari. Meza yake ilikuwa pembeni ya Joubert Park, karibu na stesheni wanakopandia mabasi ya Harare, Lusaka, hadi Lubumbashi kwetu Kongo. Magurudumu yaliyong'oka, zipu zilizochoka, vishikio vilivyokatika, vyote vilipita mikononi mwake. Na kila mwenye begi ilibidi aeleze kwao kulivyo kabla hajarudishiwa mzigo wake.

Usimcheke kabla hujasikia. Bukuru ni pacha, na jina lake linasema hivyo: kwa Warundi, pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi. Walizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu na mafundi magari pale Bujumbura, mji uliobanwa kati ya milima na ziwa Tanganyika. Vita vilipoingia mitaani, miaka ya tisini, kila mtu alikimbia alivyoweza. Bukuru alimshika mama yao mkono akapanda naye mlimani. Butoyi alichukuliwa na kundi lililoshuka kuelekea tambarare ya ziwa. Waliopanda walifika karibu wote. Walioshuka walikutana na wenye bunduki darajani, na Butoyi alipona kwa kujificha kwenye matete kutwa nzima, maji yakimgusa kidevu. Tangu hapo Bukuru akawa na imani nyingine zaidi ya dini yake: nchi isiyo na mahali pa kupanda si nchi, ni mtego.

Akaishi kambini upande wa Kigoma, akaoa, akateremka na mkewe nchi baada ya nchi hadi huku. Alipoambiwa kwamba Johannesburg iko mita elfu moja na mia saba juu ya bahari, kwamba haina ziwa, haina mto wa kutisha, na bahari yenyewe iko safari ya usiku kucha kwa basi, akaona amefika. Huusifia mwinuko wa jiji hili kana kwamba aliujenga yeye. Zikitokea fujo za kufukuza wageni, na mimi nimeziona zaidi ya mara moja, alikuwa anafunga meza, anajifungia ndani siku mbili tatu, kisha anatoka akisema angalau hapa hatuzami.

"Baba Shufaa," nilimwambia siku moja, "hatuzame kweli, banatupiga tu."

"Kupigwa unaweza kukimbia, Mama Joël. Maji utayakimbiaje?"

Mkewe alifariki kwa maradhi Shufaa akiwa bado shule ya msingi. Kuanzia hapo nywele za yule mtoto zikawa zangu, na siri zake nyingi pia, akawa ananiita Tantine, yaani shangazi. Alikua mrefu, mcheshi, mwenye Kiswahili cha kusikia zaidi ya kusema, akachanganya Kizulu na Kiingereza mpaka baba yake akawa anamjibu kwa kubahatisha. Alipofika miaka ishirini na mitatu alikuwa karani wa duka la dawa Fordsburg. Huko ndiko alikoingia kijana mmoja kununua dawa ya mafua, akarudi kesho yake na mafua yaleyale, na keshokutwa.

Mimi niliambiwa mapema. Jina lake Imtiyaz. Mwislamu, mpole, anasomea ufundi wa zile ndege ndogo zinazotua juu ya maji. Nikamuuliza Shufaa kijana ni wa wapi, akaniambia Maldivi. Sikuijua. Akanionyesha kwenye simu, na nilipoiona nilishika kichwa. Kwenye ramani kulikuwa na bahari, bahari, na vitone kama mtu ametikisa kalamu yenye wino.

"Tantine, please, usimwambie baba kabla yangu," akasema.

"Mimi? Mimi sitaki hata kuwa ndani ya nyumba siku ile utamwambia."

Lakini nilikuwapo. Siku ya posa Imtiyaz alikuja na shehe wa msikiti wetu, mtu mzima wa Tanga aliyezeekea Johannesburg, tukakaa barazani kwa sababu chumba kisingetosha. Kijana alikuwa amefundishwa kusema shikamoo, akaisema vizuri, Bukuru akaipokea. Shufaa alikaa kando yangu kutafsiri. Hatujamaliza hata salamu, mzee akauliza lake.

"Kwenu kuna mlima?"

Shufaa akatafsiri huku akitazama chini. Kijana akasema hakuna.

"Kilima?"

Hakuna.

"Basi mwinuko. Hata kichuguu?"

"Haibo, baba!" Shufaa akasema, lakini akatafsiri. Imtiyaz akainua uso akaangalia dari la baraza, kisha akajibu taratibu kwamba katika nchi yao yote, sehemu ya juu kabisa iliyoumbwa na Mungu haifiki kwenye dari lile. Sehemu kubwa ya nchi, alisema, ukisimama kwenye mstari wa bahari ingekufika kiunoni. Nilimwonea huruma. Angeweza kudanganya, nani angekwenda kupima?

Chakula kikaja, nyama ya mchuzi na mkate, kwenye zile sahani za bati zenye ukingo mpana. Imtiyaz akaona sahani ndiyo itamsaidia. Akamomonyoa mkate, akapanga chembe kwenye ukingo, akaacha mchuzi katikati. Akasema ukingo huu ni mwamba wa matumbawe, umezunguka kama pete. Chembe ni visiwa. Mchuzi wa katikati ni maji yaliyotulia, mepesi, ya kijani, na nje ya sahani, meza yote hii, ni bahari kuu isiyoonekana chini. Nchi yao ni pete kama hizo, moja baada ya nyingine, kutoka kaskazini mpaka kuvuka ikweta, visiwa elfu moja na ushee, na vinavyokaliwa na watu havifiki mia mbili. Hakuna mto hata mmoja. Hakuna jiwe, isipokuwa la matumbawe.

Alipata moto sasa, macho yakamng'aa. Alisema matumbawe ni viumbe wadogo wanaojijengea vijumba vya chokaa, wakifa wenzao wanajenga juu yao. Samaki aina ya pono wanaguguna mwamba ule, wanachokinya ni mchanga mweupe, na mchanga huo ndio ufuko, ndio uwanja wa mpira, ndio makaburi ya babu zake. Mchanga wenyewe hautulii. Upepo ukigeuka mwaka unapofika nusu, ufuko unatoka upande mmoja wa kisiwa unahamia upande wa pili, na watu hawashangai. Chini ya mchanga kuna maji matamu ya mvua yaliyolala juu ya maji ya chumvi. Ukichota kwa pupa, chumvi inapanda kisimani. Shufaa alikuwa anatafsiri kwa furaha ya mtu anayesimulia nyumba yake, nikajua huyu mtoto ameshahama moyoni.

"Na hizo pete," Bukuru akauliza, "zilizunguka nini?"

Imtiyaz akasita. Akasema wataalamu wanaeleza kwamba zamani sana katikati ya kila pete kulikuwa na mlima wa moto. Matumbawe yaliota pembeni mwake.

"Kwa hiyo mlima ulikuwepo."

"Ulikuwepo, baba," Shufaa akatafsiri.

"Ukaenda wapi?"

"Ulizama."

Shehe alikohoa. Bukuru alichukua upawa, akachota mchuzi kwenye sufuria, akaumimina taratibu kwenye sahani ya kijana. Mchuzi ukapanda, ukagusa ukingo, chembe za kwanza zikalowa, zikalegea, zikatelemka katikati. Akaendelea kumimina mpaka haikubaki hata moja, na mchuzi ukamwagikia kitambaani. Nilikasirika, nataka niseme ukweli. Mgeni ni mgeni. Lakini Imtiyaz aliiangalia sahani yake, akasema neno moja tu la Kiingereza ambalo hata mimi nililielewa: ndiyo, hivyo hivyo.

Kisha akaeleza, bila kutafuta huruma, kwamba yeye alikuwa mtoto wa miaka mitano wimbi kubwa la mwaka elfu mbili na nne lilipopita juu ya kisiwa chao. Halikuja kama ukuta. Bahari ilivimba tu, ikaingia upande mmoja ikatokea upande wa pili. Baba yake alimrusha juu ya tangi la maji ya mvua la msikiti. Visima viliingia chumvi, nyumba zilivunjika, kisiwa kikaachwa hadi leo, na wao wakaishi miaka kwenye vibanda vya muda kwenye kisiwa cha watu wengine, wakisubiri kupewa kwao pengine.

"Kambini," Bukuru akasema.

"Ego, baba. Kambini," Shufaa akamjibu kwa Kirundi, jambo ambalo halifanyi kila siku.

Mzee akachukua kipande cha nyama kilichokuwa kwenye sahani yake, kile kikubwa, akamwekea kijana. Mimi nikajua mambo yamekwisha. Nilikuwa najidanganya.

Wiki hiyohiyo sauti ya Butoyi, ya kurekodiwa, ilikuja kwenye simu. Yule pacha anaishi Gatumba, karibu na ziwa, na ziwa letu limekuwa linapanda miaka sasa, kule kwao na kwetu Uvira pia. Alikuwa amejaza magunia ya mchanga mlangoni, msimu baada ya msimu, na Bukuru akimgombeza kwenye simu ahame. Safari hii sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alisema wamehamishiwa kwenye mahema, wako salama, ila makaburi yamefunikwa. La mama yao limo ndani ya maji. Alikwenda na mtumbwi kulisomea fatiha na hakuweza kuwa na hakika ni mahali gani.

Bukuru aliisikiliza ile sauti barazani, mara tatu. Sikumsogelea. Nilijua anachokiona: mama aliyempandisha mlimani kwa mkono wake, ambaye baada ya vita alirudi bondeni kwa sababu mtoto mmoja yuko huko, na sasa maji yamemfuata hata baada ya kufa.

Shehe akarudi kupanga mahari. Kwa kawaida huulizwa binti mwenyewe, mahari ni haki yake na hakuna wa kumwamulia. Lakini Shufaa, kwa ile adabu niliyomfundisha mimi mwenyewe na leo najilaumu, alisema kinachosemwa na mabinti wengi wa kwao wanapoulizwa mbele ya watu.

"Baba aseme."

Bukuru akasema. Hataki dhahabu, hataki fedha, hataki kitanda. Mahari ya binti yake ni kujua kuogelea. Kijana amfundishe kwa mikono yake mwenyewe, na iwe taslimu, siyo ya kuahirishwa. Aogelee kwanza, ndoa ifungwe baadaye.

Mwanzoni tulicheka. Imtiyaz alipotafsiriwa akafurahi kabisa, akasema kwao watoto wanaogelea kabla hawajatembea, ni jambo jema. Shehe peke yake hakucheka. Alimgeukia Bukuru.

"Mzee mwenzangu, atamfundishaje majini, amshike, ilhali si mkewe?"

"Hilo mimi silijui."

"Na mkewe hawezi kuwa mpaka amfundishe."

"Ndivyo nilivyosema."

Kumbe mzee alikuwa ameshona mfuko usio na mdomo. Hakumkatalia kijana, asije akaitwa mtu mbaya. Alitumia heshima ya mtoto wake kumfungia mlango. Na Imtiyaz alikuwa na tiketi ya kurudi kwao kabla ya Ramadhani, masomo yakiwa yamekwisha. Shufaa alisimama akaingia ndani, na kwa siku nyingi hakumsemesha baba yake isipokuwa chai hii hapa, ufunguo huu hapa. Kwangu alikuja usiku mmoja akasema atakwenda kwa shehe mwingine amwoze bila baba. Nilimwambia asithubutu. Kisha nikakaa nikiwaza, kama mimi ningekuwa yeye ningefanya nini.

Nilimfuata Bukuru nikampa maneno yangu yote, ya Kiswahili na ya Kifaransa.

"Weye unaona unamuokoa? Unamupoteza ule mutoto, Baba Shufaa. Atatoka hapa na atakuwa hakupendi."

"Akinichukia akiwa hai, sawa."

"Na kama atabaki na kuoza na hasira?"

"Reka, Mama Joël. Reka." Akamaanisha niache, akainamia begi lake.

Asubuhi ya Jumatano lilipita kundi la watu wenye fimbo na mabango, wakiimba wageni waondoke. Walikuwa wametangaza maandamano mahali pengine, kwa hiyo Bukuru hakufunga meza. Walipinda kona wakamkuta. Walipindua meza, wakakusanya mabegi ya wateja katikati ya barabara, wakayawasha moto. Moja lilikuwa la mama wa Kimalawi mwenye safari mchana ule, na ndani mlikuwa na nguo za watoto wake watatu. Bukuru alijaribu kulivuta hilo kutoka motoni. Ndipo walipompiga.

Aliletwa na Mkongo mmoja wa teksi, jicho limevimba, shati limepasuka mgongoni, mikono inanuka plastiki iliyoungua. Shufaa alitoka kazini mbio. Alichemsha maji, akaweka chumvi, akaanza kumfuta uso, akikikamua kitambaa mara kwa mara. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kijiko cha jikoni, sijui nilidhani nitampiga nani.

"Baba," Shufaa akasema mwishowe, kwa kile Kiswahili chake cha kutafuta maneno, "hapa ni juu, si ndiyo?"

Bukuru akafumba lile jicho zima.

"Juu sana. No sea. Hakuna maji. Sasa nani amekupiga?"

"Niache, mwanangu."

"Sikuachi. Imtiyaz anasema bahari yao inapanda kidogo, kidogo. Mwaka huu, mwaka ujao. Wanaipima, wanaongeza mchanga, wanajenga kisiwa kingine juu zaidi, wakishindwa watahama. Wanajua. Hawa wamekuja wakati unakunywa chai, baba. Nani alikupimia hawa?"

Kitambaa kilikuwa kimesimama shavuni kwa mzee. Shufaa alikuwa analia sasa, analia kwa hasira.

"Unafikiri mimi naogopa maji? Eish, baba. Mimi naogopa kukuacha hapa. Kila siku nafikiri hiyo. Ningekuwa sikupendi ningeshaondoka zamani."

Bukuru alikishika kitambaa. Kisha akasema, "Mimi nimezoea."

"Ndiyo hiyo inanitisha," Shufaa akasema.

Nikarudi chumbani kwangu nikalia hadi nikamaliza. Nililia kwa ajili yao na kwa ajili yangu pia, kwa sababu Joël wangu ana miaka kumi na saba na hajui nchi nyingine zaidi ya hii inayomwambia aondoke.

Zilipita siku mzee akiwa amekaa barazani tu, jicho likigeuka rangi. Meza hakuwa nayo tena. Halafu jioni moja akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, kama lile bwawa la manispaa kule Yeoville wanawake wanaingia. Nikamwambia wanaingia, asubuhi za katikati ya wiki huwa halina watu. Akauliza kama nitaweza kuja, ili binti asiwe peke yake kati ya wanaume. Nikamjibu kwamba mimi sitavua hata kiatu, lakini nitakuja.

Alikwenda kwa shehe akaifuta ile mahari yake. Akasema Shufaa aseme mwenyewe safari hii, na Shufaa akasema: msahafu na pete, basi. Kuhusu kuogelea, mzee akasema, hilo si mahari tena, hilo ni la baba.

Nilijua kwamba watoto wa Bujumbura wanakua ziwani, lakini Bukuru sikuwahi kumwona hata akikanyaga dimbwi. Siku ya kwanza alisimama ukingoni mwa bwawa na ile suruali yake ya mazoezi, mbavu nje, ndevu nyeupe, mlinzi wa bwawa akimtazama kwa wasiwasi. Kisha akaingia. Maji yalimpokea kama yalikuwa yanamdai. Alizama, akatokea mbali, akageuka chali, na kwa kitambo kidogo akawa mtu nisiyemfahamu, kijana fulani wa Buyenzi. Shufaa, ndani ya vazi lake refu la kuogelea lenye kofia, aliduwaa.

"Baba, miaka yote hii unajua?"

"Ingia. Maji ni baridi, usiogope."

Alimfundisha wanavyofundishwa watoto wa ziwani. Siyo kupiga mikono kwanza. Kwanza kulala. Alisema anayepigana na maji ndiye anayezama, anayelala juu yake anabebwa hadi apatikane. Shufaa alikunywa maji mengi ya bwawa lile. Alimshika baba yake shingoni, akapiga kelele kwa Kizulu, akacheka, akatapika kidogo, siku ya pili akataka kuacha, siku ya tatu akaja yeye wa kwanza mlangoni na taulo. Mzee alikuwa anampigia kelele kama fundi anavyompigia mwanafunzi, inua kidevu, legeza tumbo, usinitazame mimi, tazama mbingu.

Sikuwahi kuwaona wakiongea vile. Na kila tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, Bukuru alikuwa anabaki nyuma, kwa sababu kila alichomfundisha kilikuwa kinampeleka mbali naye, na alilijua hilo kuliko sisi. Nilimuuliza kama ameacha kuogopa. Akasema hapana. Akasema usiku anaiona ile sahani na mchuzi ukipanda, na safari hii ndani yake yumo mtoto wake.

"Sasa kwa nini unamupeleka?"

"Nimpeleke wapi pengine, Mama Joël? Niambie."

Nikaongeza mwendo.

Ndoa ilikuwa Ijumaa. Alhamisi tulikwenda bwawani mara ya mwisho. Jua lilikuwa kali, maji yametulia, hapakuwa na mtu zaidi ya yule mlinzi na simu yake. Bukuru alisimama katikati, maji yakimfika kifuani, Shufaa amelala chali juu ya mikono yake kama mtoto anayeoshwa. Macho ya binti yalikuwa yamefumbwa, masikio ndani ya maji.

"Nitaelea mwenyewe leo," akasema. "Niachie, baba."

"Nimekuachia."

Mimi niko ukingoni, naona vizuri. Mikono ilikuwa palepale, mmoja chini ya mabega, mmoja chini ya magoti.

"Bado, baba. Naisikia."

"Nimekuachia, mwanangu."

"Baba. Bado."

Bukuru akatazama juu, akatazama kando, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye ninayemdhulumu. Kisha akaitoa. Aliitoa yote miwili kwa mara moja, akainyanyua juu kabisa, wima, kama mtu aliyeamriwa na askari barabarani. Shufaa alitikisika kidogo, akatulia. Akaelea. Alianza kusogea polepole kutoka kwa baba yake, mita moja, mbili, amelala, anatabasamu na macho yamefumbwa. Mzee alikuwa analia bila kujificha. Alibaki vilevile amesimama, mikono juu, maji yakimchuruzika viwikoni, mpaka nilipomwambia anaweza kuishusha.